Matembezi ya Marehemu Chilongola

Nchi ya Tulieni haimo kwenye ramani, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Kama anadhani amewahi kupita huko, basi alipita kwenye nchi nyingine inayofanana nayo, na hilo ni jambo kati yake na nchi hiyo.

Watu wa Tulieni ni wema, wapole, na wanajua kupanga foleni. Sheria zao si kali. Sheria ya mikusanyiko, kwa mfano, ina vifungu viwili tu. Cha kwanza kinasema kwamba watu zaidi ya kumi wakitaka kukusanyika kwa furaha, sharti wapate Kibali cha Furaha ya Pamoja, kwa kuwa furaha isiyopangwa huweza kuzidi. Cha pili kinasema kwamba watu wakikusanyika kwa huzuni hawahitaji kibali, kwa kuwa huzuni huja yenyewe na Serikali haipendi kuizuia njiani. Watoto hukariri vifungu hivi shuleni, huvijibu kwenye mtihani, kisha huvisahau mpaka siku wanapotaka kufurahi.

Katika wilaya moja ya nchi hiyo palikuwa na Makao ya Wazee ya Pumziko Jema, yenye wazee kumi na tisa na msimamizi mmoja, Bi Nyamizi. Bi Nyamizi alikuwa na daftari la kurasa mia mbili na penseli iliyofungwa kwa uzi, na kila kitu alikiandika: nani kanywa dawa, nani kakataa uji, nani kamwambia nani kwamba anakoroma. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Kwa sababu hiyo, siku alipoahidi, wazee wote walisikia.

Aliyeahidiwa ni Mzee Chilongola. Mzee huyu alikuwa mpishi wa makambi ya barabara. Kwa miaka thelathini na moja alitangulia mbele ya lami akiwapikia vibarua, na pishi lake kubwa lilikuwa mbuzi wa shimoni. Unachimba shimo, unawasha kuni mpaka zigeuke makaa, unatandika mawe, unamlaza mbuzi aliyefungwa kwa majani ya mgomba, unafukia kwa udongo, kisha unakaa kimya kwa saa nne. Vibarua waliokula mbuzi huyo waliyasahau majina ya wakandarasi wao, lakini la Chilongola hawakulisahau.

Mwezi wa nne daktari wa macho alipita Makaoni. Alimmulika Mzee Chilongola, akamwambia ana presha ya macho, na kwamba mwanga uliobaki huenda ukamfikisha mwisho wa kiangazi. Mzee alimshukuru. Kisha akamwita Bi Nyamizi, akamwambia kwamba hana shida na giza, kwa kuwa hata usingizini huwa gizani na hajawahi kulalamika. Ila kuna kitu kimoja.

“Nataka kuyaona makaa, mwanangu,” alisema. “Mara moja, na macho yangu haya. Pale kwenye daraja la Mto Lusonge tulilojenga. Nichimbe shimo, wenzangu wale, basi. Baada ya hapo wakizima taa wazime.”

Bi Nyamizi alifungua daftari, akaandika: *Matembezi. Mto Lusonge. Mbuzi mmoja. Kabla ya mwisho wa kiangazi.* Akapiga mstari chini yake.

Makao yalikuwa na jiko la gesi ndani ya jengo, na kuwasha kuni uani kulikatazwa tangu mwaka ambao kiongozi mmoja alipita na kukohoa. Kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kibali.

*

Ofisi ya Furaha ya Wilaya ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Kwenye meza ya kushoto alikaa Bwana Erasto, Afisa Furaha. Alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka saa za kazi.

Alimpa Bi Nyamizi fomu ya kurasa kumi na nne. Bi Nyamizi aliijaza kwa siku tisa. Swali la Idara ya Moshi liliuliza moshi wa kuni utaelekea wapi. Akajibu kwamba utafuata upepo. Jibu lilirudishwa kwa maelezo kwamba upepo uko chini ya wizara nyingine. Akaandika kwamba moshi utaelekea juu. Hilo lilikubalika.

Kisha fomu ilitaka uthibitisho kwamba kila atakayehudhuria yu hai, akiwemo mbuzi. Mbuzi hakusumbua. Mwenyekiti wa mtaa alimtazama, mbuzi akalia, mwenyekiti akagonga mhuri. Siku hiyohiyo mbuzi alipewa cheti chenye jina lake, ambalo kwa kukosa jingine liliandikwa Mbuzi.

Kwa wazee, Bwana Erasto alihitaji tu kulinganisha majina na Daftari la Walio Hai. Alisoma majina yote kumi na tisa kwa kidole, akatia alama kumi na nane, akasimama. Akavua miwani.

“Mama, poleni sana,” alisema. “Huyu Chilongola ni marehemu.”

Bi Nyamizi alimweleza kwamba Mzee Chilongola yuko nje kwenye benchi, anakula karanga. Bwana Erasto hakubisha. Alieleza kwa upole kwamba miaka mitatu nyuma, siku ya Uhakiki wa Uhai, wazee wote walitakiwa kufika wilayani waonekane, na mzee huyu hakuonekana. Bi Nyamizi aliikumbuka siku hiyo. Mzee alikuwa na malaria, na yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka barua ya daktari. Bwana Erasto aliitafuta barua, akaipata, akaisoma. Ilisema kwamba mgonjwa hawezi kusafiri. Akaeleza kwamba fomu ya uhakiki ilikuwa na visanduku viwili tu, Amefika na Amefariki, na kwamba ofisa wa siku ile alifanya alivyoweza.

“Sasa marehemu hawezi kuingia kwenye orodha ya furaha,” alisema. “Si mimi, mama. Ni orodha.”

Bi Nyamizi alitoka nje. Mzee Chilongola akamuuliza wamefikia wapi. Alimweleza yote, maana hakuwa na tabia ya kuwaficha wazee habari zao. Mzee alitafuna karanga iliyokuwa mdomoni mpaka ikaisha.

“Miaka mitatu,” alisema. “Ndiyo maana nimekuwa nikisikia baridi.”

*

Walikwenda kumfufua mwezi wa saba. Ofisi ya Daftari ilikuwa na madirisha sita, na dirisha la ufufuo lilikuwa la sita, lililofunguliwa Jumatano ya pili ya mwezi. Dada wa dirishani aliwapokea vizuri. Alimpa pole Bi Nyamizi kwa kufiwa, na alipomwona Mzee Chilongola pembeni akamuuliza Bi Nyamizi kama marehemu aliacha ndugu.

Bi Nyamizi akasema kwamba marehemu ndiye huyu. Dada akamtazama mzee kwa heshima, na tangu hapo akaacha kumsemesha moja kwa moja, kama inavyofaa.

Alieleza kwamba utaratibu upo. Marehemu anatakiwa kuleta cheti chake cha kifo, ili kifutwe. Cheti cha kifo hutolewa kwa aliyezikwa, na huyu inaonekana hajazikwa, kwa hiyo hana. Pasipo cheti hakuna cha kufuta. Aidha, Daftari lilizinduliwa na Mheshimiwa kwa kukata utepe mbele ya watu elfu mbili, na kusema leo kwamba lina kosa ni sawa na kumwambia Mheshimiwa kwamba alikata utepe wa kitu chenye kosa.

“Dada,” alisema Mzee Chilongola, “nikikushika mkono utaona una joto.”

“Mwambie nampa pole,” dada alimwambia Bi Nyamizi, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli.

Walirudi Makaoni. Getini alikaa Bibi Mwanamvua, mzee wa miaka themanini na sita, ambaye kabila lake na la Chilongola ni watani tangu vita ambavyo hakuna anayekumbuka vilihusu nini. Kwa utani huo alikuwa na haki ya kumsema Chilongola asubuhi, mchana na jioni, na haki hiyo hakuilaza hata siku moja.

“Marehemu karudi,” alisema. “Leo mkeka wake nalalia mimi.”

“Lalia,” Chilongola alimjibu. “Ila nikikutokea ndotoni usipige kelele, wenzako wamelala.”

Ila usiku huo, wakati wa kugawa dawa, Bi Nyamizi alimwona mzee akikitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, akikipapasa upande wa kulia hali kipo kushoto. Aliandika kwenye daftari, na mara hii hakupiga mstari.

*

Mwezi wa nane Ofisi ya Furaha iliunda Kamati ya Maandalizi ya Matembezi ya Wazee. Bi Nyamizi alialikwa akae karibu na mlango.

Ikumbukwe kwamba katika Tulieni hakuna shughuli ya furaha bila mgeni rasmi, na chakula hakiguswi kabla mgeni rasmi hajafika, hata kama ni uji na hata kama mgeni yuko nchi nyingine. Kamati iliamua mgeni rasmi awe Mheshimiwa mwenyewe, yule wa utepe. Mheshimiwa akikubali, atahitaji mwenyeji wake, mlinzi wake, mpiga picha na mshereheshaji. Hao nao watahitaji viti. Basi lilikuwa na viti thelathini. Baada ya kuvigawa kwa haki na uwazi kati ya wageni na Kamati, ikabaki nafasi ya wazee watatu, watakaowawakilisha wenzao katika kufurahi. Mjumbe mmoja aliona ni vyema wazee hao wawe wenye sura za kupendeza, kwa ajili ya picha. Mwingine alipendekeza fulana za kijani zenye maandishi *Wazee Tunasonga*. Fulana thelathini zikaagizwa.

Bi Nyamizi aliomba kusema. Aliuliza kama inawezekana kwenda na wazee kumi na tisa na mbuzi, bila fulana. Kamati ilimshukuru kwa mchango wake, ikauingiza kwenye kumbukumbu chini ya Mengineyo.

Kibali kilitoka tarehe ishirini na moja ya mwezi wa tisa, wakati mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kuonekana upande wa milima. Bi Nyamizi alikileta Makaoni na kukisoma kwa sauti ukumbini, kwa sababu wazee walitaka kukisikia chote mpaka mhuri. Wazee watatu, wenye sura za kupendeza. Chilongola hamo.

Mzee Chilongola alisema waende tu. Alisema atamwelekeza mmoja wao namna ya kuyajua makaa yakiwa tayari, kwamba huwa yanavaa majivu membamba kama ngozi ya maziwa, na huyo akirudi amweleze yalivyokuwa. Hivyo naye atakuwa ameyaona.

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, na ndipo Bi Nyamizi alipoona kwamba hataweza kuitimiza ahadi yake. Alikuwa ameahidi, kibali kilikuwa mkononi mwake, na aliyeahidiwa hakuwemo. Alikikunja kibali mara mbili, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Bibi Mwanamvua alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

“Mimi kuna kitu sikielewi,” alisema. “Huyu mtu kafa miaka mitatu. Serikali inajua, wilaya inajua, mpaka dirishani wanajua. Sasa mbona hatujamzika?”

Mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Mzee Chilongola mwenyewe akasema kwamba mtani wake ana haraka ya kula ubwabwa wa matanga.

“Nina haraka ndiyo,” alisema Bibi Mwanamvua. “Umekaa bila kuzikwa kama mbwa wa njiani, unatutia aibu watani zako. Msiba haukosi basi. Msiba unapikwa nje, tena kwa kuni. Na msibani hamna mtu anayeulizwa kama yu hai.”

Kicheko kilikatika. Bi Nyamizi alikuwa amesimama. Alifungua daftari lake ukurasa wa mwanzo kabisa, ambako miaka kumi na moja nyuma alinakili vifungu viwili vya sheria ya mikusanyiko, akakisoma cha pili kwa kidole, polepole, kama Bwana Erasto alivyoyasoma majina.

*

Alikwenda wilayani kesho yake mchana. Asubuhi Bwana Erasto huwa Afisa Furaha kwenye meza ya kushoto; mchana huhamia meza ya kulia na kuwa Kaimu Afisa Misiba, na kwenye meza hiyo ni mtu mwingine kabisa, mwepesi na mwenye huruma. Alimvutia Bi Nyamizi kiti na kumpa glasi ya maji.

Fomu ya msiba ilikuwa nusu ukurasa. Bi Nyamizi, ambaye hakuwa amewahi kuiandikia Serikali uongo, aliijaza kwa makini. Jina la marehemu: Chilongola. Tarehe ya kufariki: kama ilivyo kwenye Daftari lenu. Mahali pa kupumzishwa: Mto Lusonge, karibu na daraja. Kwenye sababu ya kifo alisita kidogo, kisha akaandika: *Hakufika.*

Bwana Erasto alisoma. Akafungua Daftari la Walio Hai, akalinganisha, akaona linasema vilevile. Kwa muda mfupi alimtazama Bi Nyamizi, naye Bi Nyamizi akamtazama, na pengine kila mmoja alitaka kusema kitu.

“Mmemkalisha muda mrefu,” alisema Bwana Erasto hatimaye.

“Tulikuwa tunafuata utaratibu,” alisema Bi Nyamizi.

Akagonga mhuri. Basi la msiba lilitolewa Jumamosi, viti vyote kwa wafiwa. Kuni zilitolewa na Idara ya Misitu, mzigo mzima, bila swali kuhusu moshi, kwa kuwa moshi wa msiba huhesabiwa kuwa sehemu ya huzuni. Sufuria kubwa na turubai vilitoka kwa majirani, maana jirani wa Tulieni akisikia msiba hutoa sufuria kwanza, ndipo aulize nani kafa. Mbuzi alikwenda na cheti chake.

*

Jumamosi hiyo wazee kumi na tisa walishuka ukingoni mwa Mto Lusonge wamevaa nguo za heshima. Mzee Chilongola alivaa koti lake la kazi la zamani. Akapima upepo kwa kidole alicholowesha mate, akaonyesha mahali, akachimba mwenyewe majembe kumi ya kwanza. Jembe lilipomshinda, dereva alimpokea, naye akabaki kuelekeza. Kuni ziliwashwa. Wazee walitandika mikeka kivulini mwa daraja, wakatia miguu majini, na Bibi Mwanamvua, kwa haki yake ya utani, alimlilia marehemu kwa sauti ya kupasua mawe: kwamba alikuwa mchoyo wa chumvi, kwamba aliwahi kuunguza ugali wa watu arobaini, kwamba kaondoka na kijiko chake.

“Kijiko nilikurudishia,” alisema marehemu.

“Muongo hata kaburini,” alilia Bibi Mwanamvua.

Kuni zilipogeuka makaa, mzee alisimama ukingoni mwa shimo. Bi Nyamizi alimshika mkono ili asiteleze.

“Unayaona, baba?”

Joto lilikuwa linampiga usoni na machozi yakimtoka, huenda kwa moshi.

“Mekundu,” alisema. “Sasa yanavaa majivu. Hapo. Hapo ndipo penyewe.”

Mbuzi alilazwa, majani yakafuata, na udongo juu yake, mpaka likawa tuta zuri la urefu wa mtu mfupi. Bi Nyamizi aliandika saa. Saa nne kamili kuanzia hapo, asizidishe hata robo, mzee alisema, maana shimo likizidishiwa muda hurudisha mkaa.

Ilipobaki nusu saa, magari matano yalitokea darajani.

Ikumbukwe pia kwamba kiongozi wa Tulieni huweza kuikosa harusi, hata mkutano, lakini msiba haukosi. Mheshimiwa alishuka na suti nyeusi, shada la maua, mpiga picha, na Bwana Erasto nyuma akibeba hotuba. Wazee wakasimama. Mheshimiwa alilielekea tuta moja kwa moja, akaweka shada juu yake, akainamisha kichwa. Watu wote walinyamaza dakika moja. Tuta lilitoa harufu ya vitunguu.

Pembeni ya tuta alisimama mzee mmoja mwenye beleshi. Mheshimiwa, aliyesifika kwa kuwajali wadogo, alimpa mkono.

“Wewe ndiye mchimbaji?”

“Ndiye mimi, Mheshimiwa.”

“Ulimfahamu marehemu?”

“Sana,” alisema Mzee Chilongola. “Tumekua pamoja.”

Mheshimiwa alichota udongo kwa mkono, kama ilivyo desturi, akaurusha juu ya tuta. Mzee alisikiliza ulipoangukia.

“Ongeza huku kidogo,” alimwomba. “Mvuke unatoka.”

Mheshimiwa akaongeza. Kisha akafungua hotuba. Alisema kwamba taifa limepoteza nguzo, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa kufika mapema popote alipoitwa. Serikali ilikuwa naye bega kwa bega mpaka dakika yake ya mwisho, na itaendelea kuwa naye. Akaeleza mafanikio ya Serikali katika sekta ya wazee, kuanzia uhuru, mwaka hadi mwaka. Bi Nyamizi alitazama saa yake. Zilibaki dakika kumi, na Mheshimiwa alikuwa bado kwenye miaka ya mwanzo. Zilibaki tano. Zikaisha. Mheshimiwa aligeuza ukurasa, na chini ya ukurasa huo zilionekana nyingine, nyingi, nyeupe.

Bi Nyamizi alimtazama Mzee Chilongola. Mzee hakuwa akimtazama mtu. Kichwa alikuwa amekiinamisha upande, sikio likielekea chini, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Wakati Mheshimiwa alipofika kwenye mpango wa miaka mitano wa pili, mzee alitia beleshi kwenye tuta na kuanza kufukua.

Hotuba ilikatika. Mlinzi alipiga hatua. Mpiga picha, kwa mazoea, alipiga picha.

“Mzee,” alisema Mheshimiwa, “mbona unafukua?”

“Ameiva, Mheshimiwa.”

Udongo ulimwagika pembeni, majani yakafunuliwa, na mvuke ukapanda mpaka darajani. Bwana Erasto alikuwa mweupe kama karatasi zake. Mheshimiwa alimtazama mbuzi, akaitazama hotuba, kisha akageuka kumuuliza Bwana Erasto kwa sauti ya chini marehemu yuko wapi hasa. Bwana Erasto alionyesha kwa kalamu. Marehemu alikuwa ameinama juu ya shimo akigawa nyama kwa kisu, mikono yake ikijua kila kiungo bila kusaidiwa na macho.

Hapo pangeweza kuharibika kila kitu. Lakini Mheshimiwa alikuwa amekwisha kuweka shada, amekwisha kuomboleza, na picha zilikuwa zimekwisha kupigwa. Kusema sasa kwamba marehemu yu hai ingekuwa kusema kwamba Daftari lina kosa. Alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kutosha, na harufu nayo ilimsaidia kufikiri.

“Serikali haina pingamizi,” alisema.

Marehemu akamletea paja.

“Pole sana kwa msiba, mzee wangu,” alisema Mheshimiwa akipokea.

“Tumeshapoa,” alisema Mzee Chilongola. “Chumvi inatosha?”

Walikula mpaka jua lilipoanza kushuka. Mheshimiwa alibaki mpaka mifupa, jambo ambalo katika shughuli za furaha halijawahi kutokea. Wenzake walipokusanya mikeka, Mzee Chilongola aliomba aachwe kidogo ukingoni mwa shimo. Chini kabisa, kati ya mawe, palikuwa bado na wekundu. Aliutazama mpaka ukaisha, au mpaka yeye akaacha kuuona. Bi Nyamizi hakuuliza ni lipi, na kwenye daftari aliandika tu: *Amefika.*

*

Kwenye taarifa yake ya mwaka, Bwana Erasto aliripoti kwamba wilaya haikuwa na tukio lolote la furaha lisilo na kibali. Fulana za kijani ziligawiwa kwa kamati. Katika Daftari, mbele ya jina la Chilongola, palijazwa neno Amezikwa, na jalada likafungwa.

Mwezi wa pili ulipofika, Makao ya Pumziko Jema yalipokea tangazo la Uhakiki wa Uhai, likiwataka wazee wote wafike wilayani bila kukosa. Bi Nyamizi alilibandika ukumbini. Siku ya uhakiki ilipofika, gari lilikuja, likapiga honi, likasubiri saa nzima, likarudi tupu. Dereva aliripoti kwamba wazee walikuwepo, wamekaa kivulini, na kila aliyemwita alimjibu kwa adabu kwamba hajisikii kufika.

Hapo kivulini, Bi Nyamizi alikuwa na daftari magotini na penseli mkononi, akipanga kwa haki zamu za kuzikwa, mwezi mmoja msiba mmoja, mpishi ni yuleyule. Mzee Chilongola alikaa karibu yake, akitazama upande ambao sauti zinatoka, akiwauliza mmoja mmoja kama anapenda pilipili.

“Mimi nizikeni mwezi wa nane,” alisema Bibi Mwanamvua. “Mbuzi wanakuwa wamenona.”